Bledi nne kwa wiki mbili: kisa cha msumeno mdogo wa mkanda

Dada mwenye karakana alinipigia simu asubuhi, kabla hata sijanywa chai. "Fundi, hii mashine inakula bledi kama karanga. Njoo kabla sijaitupa." Bledi nne zilikuwa zimekatika ndani ya wiki mbili. Ya mwisho ilitoka na kishindo na kupasua mkono wa shati la kijana anayekatia. Ngozi ilisalimika.

Karakana iko Keko, Dar es Salaam, katikati ya watu wanaotengeneza makabati na vitanda, ila yeye ana soko lake. Anatengeneza vyombo vya jikoni vya mbao: miko, vibao vya kukatia mboga, vigoda, mbuzi za kukunia nazi. Kazi yote ni mikunjo, na kwa mikunjo hakuna mashine nafuu kuliko msumeno wa mkanda. Bledi yake ni utepe wa chuma ulioungwa ukawa kitanzi, unazungushwa na magurudumu mawili, moja juu na moja chini, na mbao inapita juu ya meza iliyo katikati yao.

Wake ni wa kuweka mezani, magurudumu ya inchi 9, yaani milimita 229, na kitanzi cha bledi kina urefu wa milimita 1,575. Aliununua kwa mtu aliyeuleta na mitumba kutoka Ulaya. Kitabu cha maelekezo hakikuwapo, na kitasa cha mlango wa chini kilikuwa kimevunjika, wakaufunga kwa waya. Siku ile waya wenyewe ulikuwa unaning'inia tu, mlango wazi, "ili tukibadilisha bledi tusipoteze muda."

Nilichoomba kwanza ni vile vipande vilivyokatika. Wengi huvitupa, na hapo ndipo ushahidi wote unapotea. Bahati nzuri alikuwa amevitundika kwenye msumari, akisubiri kwenda kumgombeza mchomeleaji. Yeye alishaamua kwamba kosa ni la kiungo.

Bledi moja kweli ilikatika kwenye kiungo. Chuma cha bledi kina kaboni ya kutosha, kwa hiyo kikichomelewa na kuachwa kipoe haraka kinakuwa kigumu na chepesi kuvunjika kama kioo. Mchomeleaji anayejua kazi hukipasha moto tena mpaka kianze kuonyesha wekundu hafifu, kisha anakiacha kipoe taratibu. Ile moja haikupata huduma hiyo. Zile tatu zilikatika mbali na kiungo. Nikimwangalia usoni nikaona anasikitika kidogo. Alikuwa na maneno yake tayari ya kumwambia mchomeleaji.

Ukiangalia sehemu ya mkatiko kwa jua unaona rangi mbili. Upande mmoja ni mweusi na laini: huo ni ufa wa zamani, uliokuwa unakua kidogo kidogo huku bledi inafanya kazi na vumbi likiingia ndani yake. Upande mwingine unang'aa na una chembechembe: hicho ndicho kipande kilichobaki kimeshikilia mpaka kikashindwa. Kwenye bledi zote tatu, weusi ulianzia kwenye bonde kati ya jino na jino. Nikachukua moja, nikaipaka mafuta ya taa, nikaifuta mpaka ikakauka, halafu nikaipaka chaki ya shule. Baada ya dakika chache vijistari vyembamba vya mafuta vikajitokeza kwenye chaki, bonde hili, bonde lile, tukahesabu kumi na moja. Kwa hiyo bledi ile ilikuwa na nyufa kumi na moja zikishindana ipi itangulie. Hakuna mchomeleaji anayeweza kulaumiwa kwa hilo.

Ufa ukianzia kwenye mabonde ya meno, mara nyingi maana yake bledi inakunjwa kuliko uwezo wake, au imekazwa kupita kiasi, au imekuwa butu na mtu anaisukumizia mbao kwa nguvu. Ufa ukianzia mgongoni, upande usio na meno, ni habari nyingine, na nitaifikia, kwa aibu.

Nikapima bledi: upana milimita 10, unene 0.65. Hapo nikaacha kupima vingine vyote.

Kuna kanuni ya zamani kwamba unene wa bledi usizidi sehemu moja ya elfu ya kipenyo cha gurudumu. Kwa gurudumu la milimita 229 ni kama 0.23. Watengenezaji wa mashine ndogo hawaifuati sawasawa, wanatumia 0.35 hivi na inakubalika. Lakini 0.65 ni chuma cha mashine kubwa, zile zinazosimama sakafuni na magurudumu yake yanakufika kifuani. Chuma kikipinda, upande wa nje wa mkunjo unavutwa, na ukiongeza unene mara mbili kwa gurudumu lilelile mvuto huo nao unaongezeka mara mbili. Mashine hii inakimbiza bledi kiasi cha mita 760 kwa dakika. Gawanya kwa urefu wa kitanzi: kila jino linazunguka mara 480 hivi kwa dakika, na katika kila mzunguko linapinda mara mbili, gurudumu la juu na la chini. Kwa saa moja ni karibu mara 58,000. Chukua waya wowote ukunje na kuunyoosha uone utafika wapi.

"Mbona aliniambia hii ndiyo imara?" akauliza dada.

Ni imara kweli, kwenye mashine yake. Mchomeleaji anakata kwenye koili, yaani roli la chuma cha bledi, aliyo nayo, na koili hiyo alikuwa ameinunua kwa ajili ya watu wa mashine kubwa. Jicho la mtu likiona chuma chembamba linaona udhaifu. Kumbe hapa wembamba ndio uhai. Tatizo hili ni la tangu mashine hii ibuniwe: William Newberry wa London alipata hataza, yaani haki ya kisheria ya ubunifu, ya msumeno wa mkanda mwanzoni mwa karne ya 19, lakini bledi na viungo vyake havikuvumilia kupinda, ukakaa miongo bila faida kubwa. Mwaka 1846 Mfaransa Anne Paulin Crepin aliomba hataza ya namna bora ya kuunga bledi, kisha haki ya kuitumia ikauzwa kwa kampuni ya Perin ya Paris. Ndipo mashine ikaanza kuingia viwandani. Karne mbili baadaye tunakatiza bledi Keko kwa sababu ileile.

Upana nao ulikuwa na lawama yake. Bledi ya milimita 10 haiwezi kuzunguka kona yenye nusu kipenyo chini ya milimita 37 hivi bila kujisokota. Shingo ya mwiko ni kona kali kuliko hiyo. Kijana alikuwa anailazimisha, bledi inajipinda kama taulo linalokamuliwa, na moshi unatoka. Bledi ya milimita 6 inafika nusu kipenyo cha milimita 16. Tukakubaliana nikanunue hizo eneo la Gerezani, hapahapa Dar: upana 6, unene 0.35, meno 6 kwa inchi. Kwa mbao ya milimita 20 meno manne au matano yanakuwa ndani ya mbao kwa wakati mmoja. Yakiwa chini ya matatu, mbao inarukaruka na meno yanang'oka.

Kabla ya kuivisha bledi mpya nilichomoa plagi, nikaiweka juu ya meza mahali ambapo wote tunaiona. Kuzima swichi peke yake hakutoshi, na kwa mashine hii nilikuwa na sababu ya ziada. Swichi yake ya asili ilikufa, fundi umeme akafunga swichi ya taa ya ukutani. Inawasha, inazima, hakuna ubaya, mpaka umeme ukatike. Unaacha mashine imenyamaza, unafungua mlango uondoe vumbi, kumbe swichi bado iko chini. Umeme ukirudi, mkono uko ndani. Kwa mji ambao umeme unakatika na kurudi bila salamu, hilo lilinitisha kuliko bledi zote nne. Siku hiyohiyo tuliweka ile swichi ya vibonyezo viwili, kijani na chekundu, inayojiachia yenyewe umeme ukikatika na haiwaki tena mpaka mtu abonyeze.

Mipira ya magurudumu ilikuwa na uvimbe. Utomvu na unga wa mninga vilikuwa vimegandamana mahali pawili kwenye gurudumu la chini, kila kimoja kama nusu punje ya mchele. Bledi ikipita hapo inaruka. Nilivikwangua kwa ukingo wa mbao ngumu huku nikizungusha gurudumu kwa mkono, nikamalizia na tambara lenye spiriti kidogo. Petroli na thina usivipeleke kwenye mpira, vinaulegeza. Mashine ilitakiwa kuwa na burashi ndogo ya kusafisha gurudumu la chini. Tukapata tundu lake tu. Tulifunga kipande cha burashi ya kufulia viatu, na mpaka leo kinafanya kazi.

Kisha kurekebisha, na hapa mpangilio una maana. Watu wengi wakiona bledi inayumba wanakimbilia kukaza vielekezi, vile vipande vya pembeni vinavyoibana. Ni sawa na kumfunga mlevi kamba badala ya kumnyang'anya chupa. Bledi inatakiwa itembee vizuri juu ya magurudumu peke yake kwanza, vielekezi vyote vikiwa vimerudishwa nyuma, vya juu na vya chini, pamoja na beringi za mgongoni, zile zinazoizuia bledi isirudi nyuma. Vielekezi vinakuja baadaye, kuisaidia tu pale mbao inapoisukuma.

Basi nikavivuta vyote, nikaivisha bledi meno yakitazama chini kuelekea meza. Usicheke, nimeshakuta iliyovishwa kinyume, na mwenye mashine akilalamika mbao ni ngumu. Nikaikaza kidogo tu, ya kuishika, nikaanza kuzungusha gurudumu la juu kwa mkono. Bledi ikawa inatembea kuelekea nyuma. Kuna nobu nyuma ya gurudumu la juu inayoliinamisha. Robo ya mzunguko, unazungusha gurudumu mara tano sita, unaangalia. Robo nyingine. Hapo haraka haina baraka kweli, kwa sababu bledi inachelewa kuitikia, na asiye na subira anazidisha halafu anaanza kuirudisha. Ilipotulia katikati ya mpira nikaikaza zaidi, na kama kawaida ikahama tena, nikairudisha katikati.

Kuhusu kukaza: kile kipimo kidogo kilicho kwenye springi ya kukazia bledi sikukiamini, kwa sababu springi ilikuwa imeshindiliwa hadi mwisho kwa miezi. Ndivyo walivyokuwa wanafanya, wanakaza mpaka nobu ya kukazia igome. Nilitumia njia ya macho. Milango imefungwa, vielekezi viko mbali, nimesimama ubavuni, mashine inawashwa. Nikalegeza nobu polepole mpaka bledi ikaanza kutetemeka kama uzi kwenye upepo, nikakaza mpaka mtetemo ukaisha, nikaongeza robo mzunguko. Basi. Bledi nyembamba haihitaji zaidi ya hapo. Kijana alishangaa, akasema kwa mkono anaona bado imelegea.

Kisha plagi ikachomolewa tena na vielekezi vikarudi. Vya pembeni vinaachiwa nafasi ya unene wa karatasi ya daftari kila upande, na ukingo wake wa mbele unakaa nyuma kidogo ya mabonde ya meno. Ukisogea mbele zaidi, meno yanasagwa siku ya kwanza. Beringi ya mgongoni inakaa nyuma ya bledi kwa nusu milimita hivi. Bledi ikizunguka bila mbao, beringi isizunguke. Ikianza kuzunguka uwe unakata. Nilizungusha kwa mkono, beringi ya juu ilikuwa imetulia kama inavyotakiwa. Nikaweka skwea kwenye meza, pembe ilikuwa imepotea kama nyuzi mbili, nikairudisha.

Tukakata mwiko. Ulitoka safi, kona ya shingo ikapita bila moshi. Nikalipwa, nikaondoka nikijiona daktari.

Siku ya tisa simu ikalia. Bledi imekatika.

Nilirudi nikiwa mpole. Mkatiko ulikuwa mwingine kabisa: weusi ulianzia mgongoni, upande usio na meno, na mgongo wenyewe ulikuwa unang'aa kama umepigwa polishi. Kitu fulani kilikuwa kinausugua mfululizo. Beringi ya juu ilikuwa mahali pake. Nikapiga magoti, nikachungulia chini ya meza kwa tochi ya simu, na hapo nikaona nilichokiruka.

Vielekezi vya chini. Kwa ziara ya kwanza nilivirudisha nyuma kwa kupapasa, nikaviweka mbele kwa kupapasa, sikuvitazama, maana kila kitu huko kilikuwa kimefunikwa na unga mwekundu wa mninga uliogandamana. Beringi ya mgongoni ya chini ilikuwa imeganda tangu siku nyingi, haizunguki kabisa, na bledi ilikuwa imechimba mfereji kwenye uso wake wa chuma. Mimi niliiweka karibu, bledi ikaingia kwenye mfereji wake wa zamani, ikawa inachunwa mgongo kila dakika. Chuma kinachosuguliwa hivyo kinapata joto, ngozi yake inakuwa ngumu na kavu, halafu inapasuka. Zile bledi nene nazo zilipitia hapo. Nilipozirudia chini ya kioo cha kukuzia nikaona alama ileile ya kung'aa mgongoni kwenye mbili kati yao. Siku ya kwanza niliishaona nilichotaka kuona kwenye meno, sikuzigeuza. Kazi ya ile siku ya pili sikudai malipo.

Beringi ilikuwa namba 626, tundu milimita 6, ya kawaida dukani. Tukabadilisha ya chini na ya juu pamoja. Nilimwonyesha kijana jinsi ya kufungua pale chini, skrubu mbili tu, na tukachonga kijiti chembamba cha kuchokolea unga kila jioni. Anapenda kupuliza kwa kompresa. Nilimkataza, kwa sababu upepo unausukuma unga ndani ya beringi, na unaobaki anauvuta yeye. Unga wa mninga na wa mvule unawasha pua na ngozi, na kuna watu unawaletea kifua. Barakoa zipo, za mia tano mia tano.

Mvule una jambo lake jingine. Ndani yake kunakuwa na mawe, chokaa iliyojiganda ndani ya mti wenyewe, na jino likikutana nalo limekwisha. Mtiki nao una silika inayosaga meno kama msasa mpaka yawe butu. Kwa hiyo kabla hatujasema bledi ni mbovu tunaulizana kwanza imekata mti gani.

Nilikaa mchana kutwa nikimwangalia kijana anavyofanya kazi, na ninafikiri hilo lilisaidia kuliko beringi. Kielekezi cha juu, kile kinachopanda na kushuka juu ya meza, alikuwa amekiacha kileleni siku zote, ili asisumbuke akibadilisha mbao nene na nyembamba. Mbao ya milimita 20, na juu yake bledi tupu ya milimita 70 inazunguka karibu na vidole. Bledi isiyoshikwa karibu na mbao inapinda ndani ya mkato, halafu mkataji anaisahihisha kwa kuisokota, na tumerudi kwenye nyufa. Tulikubaliana nafasi isizidi upana wa kidole kidogo, ikiwezekana nusu yake.

"Sasa shikamoo zote hizi nitakata saa ngapi, mzee?" akanung'unika.

"Kushusha ni sekunde tano," nikamjibu. "Hospitali wana foleni."

Alikuwa anavaa glovu, akiamini zinamkinga. Karibu na bledi inayozunguka glovu ni kamba: jino likinasa kitambaa linauvuta mkono wote. Akazivua. Vidole gumba vyake vilikuwa vinapita kwenye mstari wa mkato mwishoni mwa kila mwiko, hapo tukachonga kijiti cha kusukumia chenye mdomo. Na vipande vidogo vinavyobaki kando ya bledi alikuwa anavichomoa kwa vidole, mashine ikiwa bado inazunguka baada ya kuzimwa. Bledi iliyozimwa inaendelea sekunde kadhaa kimyakimya, na kimya hicho ndicho kinachodanganya.

Jambo moja tulibishana. Miguu ya vigoda anaikata kutoka kwenye fito za mviringo, anaishika kwa mikono miwili na kuipeleka. Ufito wa mviringo ukiguswa na meno unataka kubingirika, na ukibingirika unachukua mkono na kuipinda bledi. Nilisema ulazwe kwenye kitako chenye mfereji wa herufi V. Yeye akasema baba yake alikata hivyo miaka yote. Dada akamaliza ubishi kwa kutengeneza kitako mwenyewe, jioni ileile, kutoka kwenye mabaki ya mkangazi.

Jioni wanalegeza bledi, mizunguko mitatu ya nobu ya kukazia, na kutundika kibao kwenye swichi kilichoandikwa IMELEGEZWA. Kibao ni wazo la dada. Asubuhi ya kwanza kijana alisahau kuikaza, akawasha, bledi ikateleza kwenye gurudumu. Mlango ulikuwa umefungwa kwa kitasa kipya, kwa hiyo ilibaki ndani ya kisanduku.

Bledi iliyofuata ilikaa wiki saba. Haikukatika, ilichoka, ikaanza kuunguza mbao badala ya kuikata, wakaivua wakaitundika kwenye ule msumari wenye zile nyingine tano. Imebaki nobu ya kuinamisha gurudumu la juu, uzi wake umelika na mtetemo unaifungua taratibu. Kwa sasa wameibana kwa nati ya pili. Jumamosi napeleka mpya.